Mapazia Yangeweza Kuwa Mafupi Kidogo

Muuguzi aliyetoka zamu alitaka kusinzia, lakini treni ilikuwa na kelele, na abiria wawili waliomkabili walizidi treni.

Fundi cherehani alikuwa ameweka miguuni furushi la mapazia lililoziba njia. “Meneja wa hoteli aliyatazama, akatabasamu, akasema kwa Kiingereza chake kwamba pengine yangeweza kuwa mafupi kidogo zaidi. Pengine! Yangeweza! Kidogo! Mimi nikajua anawaza tu. Leo kanirudishia yote, na kazi kampa mwingine.”

Mwalimu mstaafu wa Kiingereza aliyekaa dirishani, ambaye hakuna aliyemuuliza, akakohoa kisomi. “Hiyo ilikuwa amri, mama. Kwenye Kiingereza, amri ikizidi ukali huongezewa nguo. Ndiyo heshima yenyewe.”

“Heshima gani ya kumnyonga mtu huku unamchekea? Si aseme tu, kata!”

“Muungwana hasemi kata.”

Muuguzi hakufumbua macho. Kule wodini, daktari akisema mgonjwa pengine angeweza kuwa na hali nzuri zaidi, ndugu huanza kupigiwa simu.

Treni ikasimama. Mwalimu akainuka, akalikuta furushi. “Pengine,” akasema kwa Kiingereza kilichonyooka, “ungeweza kulisogeza kidogo zaidi.”

Fundi akatazama juu, kama mtu anayelitafakari wazo zuri.

Mlango ukaanza kujifunga.

“Toa mzigo wako hapa, we mama!” mwalimu akafoka kwa Kiswahili.

“Ahaa,” fundi akasema, akilivuta furushi taratibu. “Kumbe inasemeka.”