Mstari Wangu Ulikuwa Safi

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Manyunyu tangu alfajiri, baridi kali, na Mlima Meru hatujauona siku ya nne sasa. Ibada ya jumuiya ilikuwa zamu ya nyumbani kwangu. Haya ndiyo niliyosema mbele yao, kadiri ninavyokumbuka.

Bwana asifiwe. Mimi si msemaji, niliishia darasa la saba. Mkiniona natazama daftari msinicheke. Bila daftari nitajipendelea.

Wengi mnajua kazi yangu. Kule chini ya Tengeru, kwenye mabanda ya plastiki, tunazalisha mbegu za nyanya. Ua la mmea jike tunalifungua kwa kibano likiwa bado tumba, tunatoa chavua yake kabla haijakomaa, kisha tunalipaka chavua ya mmea dume. Ukichelewa, ua linajichavusha lenyewe, na mbegu hiyo haifai, ingawa kwa macho huwezi kuijua. Kila mtu ana mstari wake, na mbegu za kila mstari zinapimwa peke yake.

Nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na moja. Kila aliyekuja mpya alishikishwa kibano na mimi. Basi nafasi ya usimamizi ilipotoka, nilishona gauni. Cheka mama, cheka tu, nilishona kabisa, la kitenge. Akaletwa binti mwenye cheti, umri wa mwanangu wa kwanza. Kwa haki niseme: aliniamkia shikamoo kila asubuhi na hakunidharau hata siku moja. Ubaya haukutoka kwake.

Siku ile nilirudi nyumbani nikaandika kwenye daftari hili hili: "Kuanzia kesho nafanya mstari wangu tu. Mwenye cheo na aone mwenyewe." Maneno hayo bado yamo, kurasa za nyuma, kwa mwandiko wangu.

Msimu ule likaja joto baya. Joto likizidi, chavua hukomaa mapema, ndani ya tumba ambalo halijafunguka. Inabidi ushike matumba madogo kuliko yale yaliyochorwa kwenye karatasi ya ofisini. Karatasi haikusema hivyo, na binti hakujua. Mimi nilijua siku ya kwanza. Nilipasua tumba moja, nikalisugua kwenye kucha, kucha ikawa ya njano: chavua imeshakomaa. Nikaangalia huku na huku. Nikaifuta kwenye aproni.

Nikaanza kushika madogo. Kwenye mstari wangu tu.

Jirani yangu wa mstari wa pili, ambaye tulikunywa naye uji kikombe kimoja miaka sita, akaniona.

"We mama, mbona leo unawashika watoto wachanga?"

"Kila mtu na mkono wake," nikamjibu.

"Haya, mwenye mkono wa dhahabu!" Akacheka, akaendelea na makubwa yake.

Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo nilipoanguka. Sikuiba, sikulewa, sikumtukana mtu. Nilinyamaza. Na ukinyamaza, mdomo haunuki, nani atakujua?

Mbegu zikapimwa. Mistari yote ya banda ikakataliwa, isipokuwa mmoja. Meneja akatukusanya, akanisimamisha mbele, nikapewa blanketi na makofi. Miaka kumi na moja niliyatamani makofi yale. Yalipoisha, meneja akawaambia wenzangu, vibarua wa msimu kama mimi, kwamba msimu unaofuata wasije. Jirani yangu akiwa mmoja wao.

Alinisubiri getini.

"Ulijua," akasema.

"Lakini msimamizi ndiye..."

"Msimamizi sikumuuliza. Nilikuuliza wewe."

Blanketi lile sijajifunika hata siku moja. Mnaliona, lile pale juu ya kabati, na baridi yote hii.

Nisiwadanganye, sikutubu haraka. Wiki nyingi hasira yangu ilikuwa kwake, eti kwa nini anitazame vile. Ilichukua muda kunigeukia mwenyewe. Msimu ulipofunguliwa, nilikwenda kwa msimamizi nikamweleza kila kitu, nikiwa tayari kufukuzwa. Kumbe yeye alikuwa amepewa barua ya onyo kwa ajili ya banda lile. Akaniuliza, "Mama, si lilikuwa neno moja tu? Kwa nini hukuniambia?"

Ningemjibu nini? Kwamba nilishona gauni?

Tulikwenda wote kwa meneja. Nikasema wenzangu hawakuwa na kosa, warudishwe. Akanisikiliza vizuri, ila majina ya watu wapya yalishapitishwa. Wawili walirudi baadaye. Jirani yangu hapana. Sasa anauza mchicha sokoni, na mvua ikinyesha inamnyeshea.

Siku hizi kila asubuhi, kabla hatujaingia kwenye mistari, napasua tumba mbele ya wote na tunaangalia kucha. Msimamizi naye anatoa kucha yake. Banda halijakataliwa tena. Kwenye ripoti inaandikwa "msimamizi na wenzake", na ni haki, maana yeye ndiye aliyekubali kusikiliza. Mimi bado ni mtu wa mstari. Inaniuma? Inaniuma. Asije mtu akawaambia inaacha kuuma. Lakini kinywa changu hakingojei cheo tena.

Namshukuru binti yule ambaye hakunifukuza. Namshukuru na jirani yangu. Nilimwomba ruhusa ya kusema haya, akajibu, "Sema. Ila usinifanye mzuri." Basi simfanyi mzuri. Hajanisamehe, na ana haki yake.

Nililojifunza ni hili: ukificha unachokijua mpaka upewe kiti, anayeumia si mwenye kiti. Ni yule wa mstari wa pili. Asanteni.

Wakaimba, wakanywa chai. Jirani yangu alikuwepo, karibu na mlango. Kikombe alikipokea, akakirudisha kimejaa. Alipokuwa anavaa kandambili nilimwambia kuna makande, abaki ale. Akasema ataona, akaenda zake.

Jioni tumekula makande na parachichi. Nilimwekea sahani yake nikaifunika. Watoto wameomba waongezewe, nimewakatalia. Bado imefunikwa.