Balozi Aliyechelewa Msiba wa Mama Yake

Wasikilizaji wapendwa, kamwene. Leo tunamkumbuka Profesa Faustina Kikoti, binti wa Igowole, Mufindi. Aliongoza chuo kikuu Mbeya, kisha akawa balozi. Wiki iliyopita alitutoka.

Chuoni walimwita Mama Tukae. Wanafunzi walipogoma, hakuita polisi. Alikwenda akaketi nao kwenye nyasi, akawaambia tukae tuzungumze. Wakakaa mpaka jua likazama, na mgomo ukaisha. Ubalozini alikuwa yuleyule. Mtu mmoja tu alimshinda: mdogo wake, Kalista.

Kalista ndiye aliyebaki nyumbani kumuuguza mama yao. Mama alipofariki, Faustina alikuwa ugenini, katikati ya mazungumzo ya nchi mbili. Alituma shada la maua. Nasema tena, wasikilizaji: hakuja kumzika mama yake. Kalista alilitazama lile shada, roho ikamuuma kweli. Tangu siku hiyo hakupokea simu ya dada yake.

Mwaka ukapita. Faustina akastaafu, akarudi. Ndugu walimshauri atume wazee wakamwombee msamaha. Akakataa. Alishuka garini barabarani, akajifunga khanga kiunoni, akatembea. Alipofika uani kwa Kalista akaangua kilio: "Mama yangu, umeniachia nani?" Kilio cha msiba mbichi. Majirani wakatoka mbio. Mzee Didas alikuja na sururu begani, akiuliza kaburi linachimbwa wapi.

Kalista alisimama mlangoni, hasira zimemkaba. Lakini kwao, mfiwa aliyefika analia hafukuzwi, hata akichelewa namna gani. Akatandika mkeka. Akaleta maji dada yake anawe uso. Akasema, "Pole, dada."

"Sikumsamehe siku ile," Kalista ametuambia, anacheka huku machozi yanamtoka. "Nilimpokea mfiwa tu. Msamaha ulikuja baadaye, tunamenya viazi."

Miaka iliyobaki waliishi nyumba moja, wakigombana kila jioni juu ya chumvi kwenye mboga. Kwako Kalista, na kwa ukoo wote wa Kikoti, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi.

Nawe unayetusikiliza, jiulize ni kwa nani unaogopa kupiga hodi. Wengi mlio mbali mmetuandikia mkisikitika kwamba mmekosa mazishi ya Profesa. Kalista ametuomba tuwajibu hivi: "Wasione haya. Waje hata mwakani, walie. Mimi nipo, nitawapokea."