Bi. Jepkoech, Aliyeishuku Kompyuta ya Kakuma

Tarehe 30 Juni 1998, Bi. Salina Jepkoech anastaafu baada ya kulitumikia shirika letu kwa miaka ishirini na minane. Aliingia ofisi ya Lodwar akiwa mpiga chapa. Mwaka wa 1993 alikabidhiwa kompyuta zetu zote, za Lodwar na ile moja ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma.

Bi. Jepkoech hamwamini mtu, wala halifichi jambo hilo. Dereva akisema barabara ya Kainuk ni salama, humwuliza ni nani aliyemwambia. Kompyuta nazo alizishuku vivyo hivyo. Kila asubuhi alikagua kumbukumbu, yaani ile nafasi ndogo inayobeba kazi inayofanywa wakati huo. Ikijaa, mashine huganda na kazi hupotea. Aliyefungua programu mbili kwa pamoja aliamriwa kufunga moja, hata akiwa meneja.

Mwaka wa 1995 alishuku kwamba kuna wanaocheza michezo kazini. Kwa siri, akaweka katika kila mashine programu ya kurekodi vitufe vinavyobonyezwa. Muda si muda kompyuta ya Kakuma ikaanza kuganda, na kila mara aliyekuwa ameketi hapo ni Nyawal, karani mkimbizi kutoka Sudan, aliyeingiza majina ya wageni waliofika kambini. Orodha yake ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote.

Minong'ono ikaenea kwamba anafuta majina makusudi. Mhasibu Njenga hakunong'ona; alimwendea Bi. Jepkoech. "Mama, huyu msichana atatumaliza. Mwondoe!" Meneja akaamua Nyawal aondoke Ijumaa. Posho yake ndiyo iliyowalisha wadogo zake.

Alhamisi Bi. Jepkoech alifika Kakuma. Aliondoa programu moja baada ya nyingine, akitazama nafasi iliyobaki. Mashine ikaendelea kuganda. Hatimaye ikabaki ile ya kwake, ambayo hakuna mwingine aliyeijua. Alipoiondoa, orodha yote ya Nyawal iliingia bila kusita; kumbe kila kitufe alichobonyeza kilirekodiwa na kuijaza kumbukumbu.

Angeweza kunyamaza. Badala yake aliwaita wote, akaeleza kosa lilikuwa la nani.

"Kumbe Mama ulikuwa unanichunga?" Nyawal akauliza.

"Nilikuwa nawachunga wote," akajibu. "Hata meneja."

Meneja alitoka kwenda kutafuta chai. Nyawal hakufukuzwa, na hadi leo ndiye anayeingiza majina hayo.

Bi. Jepkoech, tunakushukuru kwa jicho lako kali, ambalo hukuogopa kujigeuzia mwenyewe. Mungu akujalie afya na mapumziko ya amani kwenu Kapsabet. Zawadi yetu utakabidhiwa na Nyawal. Tafadhali ipokee bila kuuliza ndani kuna nini.