Nilimwamkia Binti Yangu Shikamoo

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Mniache niseme kwa hasira, maana habari hii siwezi kuisema kwa upole.

Binti yangu Minza aliniambia, "Baba, nipeleke Kolandoto hospitali. Kichwa changu hakishiki kitu." Kaka yangu akadakia, "Hospitali ya nini? Amebeba jina la bibi yake, na bibi analidai." Nami nikakubali. Mimi niliyemaliza kidato cha nne, nikakubali!

Minza alikuwa mwalimu wa hesabu Katoro. Mumewe alifukiwa na duara, shimo la dhahabu, na mwili ukatolewa siku ya tatu. Tangu hapo usingizi ukamkimbia. Akawa anaandika swali ubaoni, kisha analikodolea macho kama limeandikwa na mtu mwingine. Akarudi kwangu kijijini. Anaingia jikoni, anasimama: "Baba, nimefuata nini huku?" Nikacheka! Nikamwambia, "Mwalimu mzima, hata chumvi inakushinda?"

Mama yangu, mwenye jina lile, naye aliwahi kukaa misimu miwili akitazama ukuta. Kwa hiyo mfumu, mpiga ramli wetu, hakuumiza kichwa. Tulichinja mbuzi, tukamvika Minza bangili ya bibi, tukaanza kumwamkia kama yeye ndiye bibi. Mwanangu akalia: "Mimi siyo bibi, baba. Niite mwanangu."

Nikamjibu, "Shikamoo, mama."

Mwaka mzima na nusu, ndugu zangu! Na ninyi mliopita kwangu mkinong'ona kwamba ni uvivu, au ni dhambi ya siri, nawakasirikia pia. Lakini nyumba ni yangu. Neno la mwisho lilikuwa langu.

Aliyenitoa gizani ni jirani yangu, Mama Ester. Alisimama mlangoni akanifokea: "Baba Minza, ng'ombe wako akikohoa tu unamkimbilia daktari wa mifugo. Huyu amepungukiwa nini, mkia?" Aibu ikanishika. Kesho yake tukapanda basi.

Daktari, binti mdogo tu, aliuliza habari za mama yangu. Nikamweleza. Akasema huo ni ugonjwa wa sonona, na mwelekeo wake unaweza kurithiwa, ingawa kurithi si hukumu. Msiba mzito ukija, mwili humwaga homoni za msongo. Zikikaa juu muda mrefu, huenda zikavuruga usingizi, kumbukumbu na umakini.

"Kwa hiyo bibi yumo kweli?" nikauliza.

"Yumo kwenye damu, mzee. Hayumo kwenye bangili."

Minza aliivua bangili mwenyewe. Akapewa dawa, akawa anakwenda kuzungumza na mshauri, nasi tukaomba. Polepole akili ikatulia. Leo anafundisha hesabu Kahama. Asante, Yesu! Ulimfungua yeye katika ugonjwa, ukanifungua mimi katika ujinga.

Wewe mwenye mgonjwa ndani, mtumaini Mungu, na umpeleke hospitali leo. Mungu haoni wivu daktari akimponya mtoto wako. Usingoje kama mimi.

Maana alipopona, Minza hakurudi kwangu. Mwezi uliopita tulikutana stendi ya Kahama. Aliinama kwa heshima zote, kama anavyoamkiwa mzee yeyote wa njiani.

"Shikamoo, mzee," akasema, akapanda basi lake.

Aliniomba nimwite mwanangu, nikakataa. Sasa amepona, na mimi si baba yake tena.