Pembe ya Gorandu

Mwaka ule wa mgao wa umeme, pale Karatu mjini, kati ya gereji na saluni ya kinyozi Inosenti, palikuwa na benchi refu lililoegemea ukuta, na benchi hilo lilikuwa na wenyewe. Inosenti aliitwa Wembe. Emilian, fundi wa gereji, aliitwa Spana. Tluway, aliyeteremka kila asubuhi kutoka Mbulumbulu na jiko lake la mkaa, aliitwa Birika, na kahawa yake ndiyo iliyowaweka pale. Clemensi, mstaafu aliyefundisha jiografia miaka thelathini, aliitwa Mwalimu tu, maana jina lingine lolote alikataa kuitika. Na Philbert, dereva wa watalii, aliitwa Bigifaivu, kwa kuwa hakuweza kunywa kikombe kimoja bila kumtaja simba au kifaru au mwingine wa wale wanyama watano wakubwa wa mbugani. Watu wazima wote hao, na kila Jumamosi saa kumi alasiri walijazana saluni kwa Wembe, mbele ya televisheni ndogo, kuangalia katuni ya madude yanayopigana.

Katuni ilizungumza Kiingereza cha mbio, lakini hilo halikumzuia mtu. Shujaa wao alikuwa Gorandu, dude lenye pembe mbili, manyoya ya simba na miguu ya kuku. Adui yake aliitwa Fizaku. Watengenezaji walikuwa wazembe, na hapo ndipo utamu ulipokuwa. Mwalimu aliwaandikia makosa yao yote kwenye daftari. Kijana anayemfuga Gorandu aliingia pangoni na kofia nyekundu akatoka na ya bluu. Daraja lililovunjika Juni lilikutwa limesimama Julai. Fizaku alizikwa mara mbili, na mara ya pili yeye mwenyewe alionekana msibani.

Basi Jumamosi moja Fizaku akamng'ata Gorandu, akamvunja pembe. Jumamosi iliyofuata Gorandu akatokea na kisiki upande wa kulia. Spana akasimama palepale.

– Wamekosea! Ilivunjika ya kushoto. Mwalimu, andika!

– Usiandike, Mwalimu, akasema Bigifaivu. Ilivunjika ya kulia, na leo ni ya kulia.

– Kushoto. Niliiona kwa macho yangu haya.

– Kulia, arifu. Mimi kazi yangu ni kuangalia wanyama.

Wakabishana mpaka katuni ikaisha bila kuiangalia. Ndipo Bigifaivu, mbele ya madereva wenzake waliokuwa wakisubiri kunyolewa, akatamka neno ambalo hakupaswa kulitamka.

– Fundi asiyejua kushoto na kulia! Ndiyo maana tangu ulipotengeneza usukani wa gari langu, linavuta upande.

Kwa Spana, gari kuvuta upande halikuwa jambo la mzaha. Ufundi ndio uliomlisha, na madereva wale ndio waliomletea kazi. Akafuta mikono yake kwenye suruali, ingawa haikuwa michafu.

– Basi Jumamosi ijayo, akasema, tafuta bestimani anayejua kushoto na kulia.

Akatoka. Jumamosi ijayo ilikuwa harusi ya Bigifaivu.

Siku tano zikapita bila salamu. Nyumbani kwa Spana, suti ya kijivu ya bestimani ilining'inia ukutani ndani ya nailoni. Mkewe, Brigita, hakumwuliza kitu. Kila asubuhi aliifuta vumbi lile la Karatu, taratibu, kisha akamwangalia mumewe, kisha akaenda zake. Spana angependelea agombezwe.

Alhamisi asubuhi Spana alikaa mwisho wa benchi na kikombe chake. Bigifaivu akaja, akakaa mwisho wa pili. Katikati wakabanwa Mwalimu na Wembe. Birika alichutama mbele yao akimimina.

– Birika, akasema Bigifaivu, mwambie yule jamaa wa kule asogee, ananikinga jua.

– Anasema usogee, Birika akamwambia Spana.

– Mwambie nimesikia. Na umwambie jua si mali ya kampuni yake ya watalii.

– Anasema amesikia, na jua si...

– Nimesikia! akasema Bigifaivu.

Mwalimu akagonga kikombe kwa kijiko kama anayeita darasa.

– Sikilizeni. Harusi ni keshokutwa. Jambo hili tulimalize kisayansi. Swali la kwanza: kushoto kwake Gorandu, au kushoto kwako wewe unayeangalia?

– Kwake! wakajibu wote wawili kwa pamoja, wakakumbuka kwamba hawaongei, kila mmoja akageukia upande wake.

– Basi sayansi ya kawaida imeshindwa, akasema Mwalimu.

Wembe akaona nafasi.

– Mimi nawajua watu wa kuchora. Wanaingia kwa zamu. Wa asubuhi anatumia mkono wa kulia, wa jioni ana mashoto. Wa asubuhi akavunja pembe ya upande wake, wa jioni akavunja ya upande wake.

– Sasa mbona Gorandu hakubaki bila pembe hata moja? akauliza Spana.

– Wa asubuhi aliporudi akairudisha ya kwake. Ungependa kazi yako iharibiwe na mtu wa jioni?

– Hapana, akasema Birika. Hao ni mapacha. Gorandu wako wawili. Yule wa kwanza alivunjika kushoto, amelazwa. Tuliyemwona Jumamosi ni ndugu yake.

– Na huyo ndugu yake alivunjwa na nani? akauliza Bigifaivu.

– Na huzuni.

– Birika, pembe haivunjiki kwa huzuni. Mimi nimeshusha watalii Kreta, kule shimoni kwa wanyama, miaka tisa. Pembe ya kifaru ikikatika inaota tena. Ya nyati haioti. Hakuna mnyama anayehamisha pembe.

– Mwulizeni, akasema Spana akiangalia barabarani, Gorandu ni kifaru au ni nyati?

Bigifaivu akafikiri. Manyoya ya simba. Miguu ya kuku.

– Mwambieni bado naangalia tabia zake.

Mwalimu alikuwa amengoja wamalize. Akavua miwani, na wote wakajua kwamba sasa inakuja kubwa.

– Tatizo ni mawimbi. Matangazo yanasafiri angani. Yakifika hapa kwetu yanakutana na nini? Ukuta wa Kreta. Yanagonga, yanarudi yamegeuka, kama mpira. Kwa hiyo wiki ya mvua ukuta umelowa, haurudishi vizuri, tunaona kushoto. Wiki ya jua umekauka, tunaona kulia. Kule Wasso, nyuma ya Kreta, watu wanaona kinyume chetu.

– Kwa hiyo hata taarifa ya habari tunaipata kinyume? akauliza Birika.

– Wewe umewahi kuielewa?

Birika akakubali kwamba hajawahi.

– Lakini mmesahau mgao, akasema Birika, naye sasa amewaka. Umeme ukikatika huku, kwani wao kule wanasimama? Wanaendelea kupigana! Wanapigana gizani. Na gizani, ndugu zangu, hata Fizaku mwenyewe hawezi kujua amevunja ipi.

Mwalimu aliitafuta kasoro ya hoja hiyo akaikosa.

– Ila siku ile umeme haukukatika, akasema Wembe. Naikumbuka mimi vizuri. Pembe ilipovunjika, Spana alishtuka kitini kwangu, na mashine ikamgusa sikio. Nusu kichwa nimemaliza, nusu bado. Nilimwambia, mzee, tulia, utarudi kwa Brigita na sikio moja.

Wakacheka, wakaendelea na mgao. Lakini Spana hakucheka. Alijishika sikio. Kitini. Ni kweli, siku ile alikuwa kitini, na kiti cha Wembe kilitazama ukuta wenye kioo kikubwa. Televisheni ilikaa juu ya rafu, nyuma yake, karibu na mlango. Wengine wote walikaa kwenye mabenchi wakaiona katuni usoni. Yeye, na kitambaa kimefungwa shingoni, alimwona Gorandu kwenye kioo.

Akatazama kulia, akatazama kushoto, safari hii bila makosa. Hakuna aliyeng'amua. Wembe mwenyewe aliyelisema hakujua amesema nini. Spana angeweza kumaliza kahawa yake, akaondoka, na kushoto kwake kungebaki kushoto maisha yote. Akaifikiria suti ndani ya nailoni. Akamfikiria Brigita na kitambaa chake cha vumbi. Akamtazama yule mpumbavu wa mwisho wa benchi, ambaye mwaka ambao Spana alilazwa na malaria alikuja kila jioni kumsimulia habari za vifaru mpaka homa yenyewe ikachoka. Akaweka kikombe chini.

– Ilikuwa ya kulia, akasema.

– Nini? akauliza Birika.

– Pembe. Mimi niliangalia kwenye kioo.

Kwanza hawakuelewa. Kisha Mwalimu akainua mikono yote miwili, akaigeuza hivi na hivi, akaanza kutetemeka mabega. Wembe akakimbilia ndani kuhakikisha kioo kipo, akarudi anajifuta machozi. Birika alicheka mpaka akamimina kahawa kwenye kiatu cha Mwalimu, na Mwalimu hata hakusikia moto.

Bigifaivu peke yake hakucheka. Alikuwa anaangalia mikono yake.

– Gari halivuti, akasema.

– Unasema?

– Gari langu. Halivuti upande. Lilivuta siku moja tu, tairi lilikuwa limepungua upepo. Nilijaza, likanyooka.

– Tairi lipi?

– La kushoto, akasema Bigifaivu. Au la kulia.

– Na madereva wenzako? Ulilisema mbele yao, si mbele yangu tu.

Bigifaivu akainuka. Ng'ambo ya barabara magari matatu ya safari yalikuwa yamesimama, madereva wakinunua maji, watalii wakipiga picha za mbuzi. Akaweka viganja mdomoni.

– Oyaaa! Gari langu halivuti upandeee! Nilisema uongooo! Spana ni fundiii!

Madereva wakapunga mikono. Mtalii mmoja mama mtu mzima naye akapunga, akampiga picha. Bigifaivu akarudi, na safari hii akamsukuma Wembe akakaa karibu na rafiki yake. Spana akampa kikombe chake akimalizie.

Hapo ndipo Ndeshi alipotokea upande wa sokoni. Huyu ndiye bibi harusi mwenyewe, binti kutoka mji wa Moshi, mwenye duka la vitambaa. Kichwa kizima kilikuwa na rola za nywele chini ya kitenge, na mwendo wake haukuwa wa mtu aliyekuja kunywa kahawa.

– Shikamoo, Mwalimu.

– Marahaba, mama. Karibu.

– Sikai. Philbert, nimekuja na swali moja. Mchungaji anaulizia jina. Jumamosi una bestimani au huna?

– Anaye, akasema Spana.

Ndeshi akashusha pumzi ambayo bila shaka alikuwa nayo tangu Jumamosi. Akatazama mmoja mmoja.

– Na mligombana nini hasa? Maana huyu kila nikimwuliza ananiambia sitaelewa.

Wakamweleza. Walimweleza wote watano kwa mara moja: pembe, kisiki, kioo, ukuta wa Kreta, pacha mwenye huzuni, mchoraji wa zamu ya jioni. Ndeshi alisikiliza mpaka mwisho, kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea wateja wanaopima vitambaa saa nzima na hawanunui.

– Nimeelewa, akasema. Ila hapo mwanzo. Hao Gorandu na Fizaku, wanapigania nini?

Wembe akasema kwamba alipoinunua televisheni ile walikuwa tayari wanapigana. Birika akachungulia ndani ya birika. Miaka miwili ya Jumamosi, na hakuna aliyewahi kujiuliza.

Spana akakuna kidevu. Wazo lilikuwa linamjia, zuri kabisa, akavuta pumzi alitoe.

– Usianze, akasema Bigifaivu akimshika goti. Ngoja nioe kwanza.