Solo ya Mkiwa

Mbinga kahawa tunailima, tunaichuma, tunaiosha, tunaianika, kisha tunaipandisha lori iende kunywewa na watu tusiowajua. Sisi wenyewe tunakunywa chai. Ndiyo maana benchi la Ottilia, pale nyuma ya stendi, lina heshima yake. Ottilia kahawa anaikaanga mwenyewe, anaitwanga, anaichuja mara mbili. Maneno ya wateja anayachuja mara tatu, ndipo wakamwita Chujio. Pembeni ya benchi kuna meza ya fundi redio Vitalis, ambaye mji mzima unamwita Kamba Tatu, kwa sababu gita lake la umeme liliwahi kuishi miaka minne na nyuzi tatu tu, na harusini alilipiga hivyo hivyo wala hakuna bibi harusi aliyelalamika.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi. Jumapili baada ya misa kulikuwa na sherehe ya kufunga msimu wa kahawa, na bendi ingepiga uwanjani. Kamati ilikuwa imemleta kiongozi mpya wa bendi, mwalimu wa muziki kutoka Songea, naye akatuma ujumbe kwamba leo atapita kijiweni aamue nani ashike gita la solo. Miaka thelathini na moja Vitalis ameshika solo. Leo anafanyiwa usaili! Ni sawa na kuulizwa kitambulisho mlangoni kwako mwenyewe, na mkeo anakuangalia.

Lakini benchi halikuwa na huruma. Benchi lilikuwa linabishana.

— Nawaambia, solo haiingilii sikioni, alisema Mansuetus, bwana shamba mstaafu, aitwaye Profesa kwa sababu hajawahi kusema "sijui" tangu azaliwe. Wimbo ndio unaingilia sikioni. Solo inaingilia hapa, kwenye ini. Ini la binadamu lina nyuzi sita.

— Nani kakwambia?

— Nimesoma chuo cha kilimo.

— Mlipasua watu?

— Tulipasua ng'ombe. Tofauti ni ndogo.

Aliyeuliza ni Zabron, mtu wa Mbamba Bay, anayepanda kila Ijumaa na magunia ya usipa wakavu, dagaa wa Ziwa Nyasa. Wanamwita Usipa, na akipita hata kipofu anajua nani kapita.

— Kama ni ini, basi hata samaki analo, alisema Zabron. Mimi mwaka fulani niliingia na redio kwenye mtumbwi. Nikaweka ile ya Mbuzi Kakata Kamba, yale magita mawili yanayofukuzana. Jamani! Usipa walikuja wenyewe. Walikuja wamesimama kwa mikia.

— Usipa asimame kwa mkia?

— Kwa heshima! Kama watu kanisani.

— Ini la samaki lina nyuzi mbili, Profesa alikubali bila kusita. Lile gita la kwanza alilielewa. La pili alikuwa anabahatisha.

Hapa niseme kidogo, usije ukapotea. Wazee hawa rock hawakuijulia disko. Waliijulia kwenye kaseti moja, aliyoiacha bruda mmoja Mjerumani, fundi wa mashine za misheni, alipokuwa anarudi kwao kuzeeka. Jalada halikuwepo, maandishi yalishafutika, basi nyimbo wakazibatiza wenyewe. Kuna Mteremko, kwa sababu gita linashuka kama lori lililokatika breki kutoka Maguu, kule milimani. Kuna huyo Mbuzi Kakata Kamba. Na kuna Mkiwa. Mkiwa ndiyo iliyomfanya Vitalis, kijana wa miaka ishirini na tano wakati huo, atoe nguruwe wawili apewe gita, na baba yake asiseme naye mpaka Pasaka.

— Nyie mnatafuta ini, alisema Ottilia, akimimina. Jambo ni dogo tu. Kwenye wimbo kila mtu katumwa. Wa ngoma katumwa, wa besi katumwa, mwimbaji naye katumwa na maneno. Mpiga solo peke yake ndiye anaambiwa: haya, sema yako. Wewe Usipa uliambiwa lini sema yako?

Zabron akafikiri.

— Mimi mara ya mwisho ilikuwa siku ya harusi, alisema Ottilia. Na jibu lilikuwa limeshaandaliwa.

Benchi likacheka. Hata Vitalis alicheka, ila mkono wake ulikuwa chini ya meza unachezea uzi. Kwake yeye solo zote zilikuwa nzuri, lakini Mkiwa ina pale katikati. Pale gita linapolia juu, kisha uzi unaanza kushuka, polepole, unatetemeka, kama mtu aliyetaka kukaa akakosa kiti, na unapodhani ameanguka, anasimama. Pale benchi wanapaita Kilio. Vitalis alikitafuta Kilio kile kwenye gita miaka miwili, vidole vikatoka damu, vikaota sugu, vikatoka damu juu ya sugu. Alikipiga siku ya kumzika dada yake. Alikipiga ubatizo wa wanawe wote watano. Kama kuna kitu duniani Vitalis anaweza kusema "hiki ni changu", ni kuweza kukipiga kile.

Wakati huo alikuja mama mmoja na kikapu, akaamkia, akasema anaitwa Herieth, anasubiri gari la Liparamba, kama anaweza kukaa. Wakasogea, akakaa. Ottilia akampa kikombe. Na nyuma yake ndipo akatokea mwalimu mwenyewe, Praygod, shati limenyooka, mkononi kaspika kadogo kama kopo la maziwa.

— Shikamooni wazee wangu.

— Marahaba. Karibu, mwalimu. Mgeni njoo, mwenyeji asile! alisema Profesa, ambaye methali anazipenda ila zenyewe hazimpendi.

Praygod alikuwa kijana mwenye adabu, tusimwonee. Alikunywa kahawa, akasifu, kisha akasema:

— Baba, naomba nisikie ile mnayoiita Mkiwa.

Vitalis akafuta mikono kwenye suruali. Akachomeka gita kwenye redio ya zamani aliyoigeuza kuwa spika. Akapiga. Akapanda, akafika kwenye Kilio, uzi ukashuka, ukatetemeka, ukasimama. Zabron alikuwa amefumba macho. Ottilia aliacha kahawa ichemke mpaka ikamwagika motoni, jambo ambalo halijatokea tangu uhuru.

— Safi sana, alisema Praygod. Ila hapo katikati, baba, unakosea.

— Wapi?

— Hapo uzi unaposhuka. Haushuki.

Kelele iliyozuka pale, wapiga debe wa stendi walinyamaza wasikilize.

— Haushuki? Zabron alisimama. Wewe mtoto, haushuki? Mimi nimelia hapo kabla hujazaliwa!

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame! Profesa alifoka. Ndiyo maana nyuzi zinainamishwa!

— Wazee, sibishani. Ninayo hapa, ile ya wenyewe. Tusikilize.

Akabonyeza simu. Kaspika kadogo, lakini sauti ilitoka safi, kila uzi peke yake, mpaka wakatazamana. Ilikuwa Mkiwa, hakuna ubishi. Gita likapanda, likapanda, likalia kule juu. Na likapita. Halikushuka, halikutetemeka, halikukosa kiti. Likapita moja kwa moja kama mtu mwenye haraka zake, wimbo ukaendelea.

— Rudisha, alisema Vitalis.

Praygod akarudisha. Likapita tena.

Vitalis akafungua droo, akatoa kaseti ya bruda, akaitia kwenye redio nyingine mezani. Ikakoroma, ikaimba. Na pale katikati, jamani, Kilio kile kikawepo: kikashuka, kikatetemeka, kikasimama. Wimbo ule ule, kaseti inacho, simu haina.

— Sasa hiki ni nini? alinong'ona Zabron.

Ottilia alikuwa ameshika mdomo. Huyu alizaliwa jirani na akina Vitalis, kule Maguu, na kumbukumbu zake hazina huruma.

— Kamba Tatu, alisema taratibu. Unakumbuka ile kaseti ilipokutumbukia kwenye mfereji wa kuoshea kahawa, siku ile ile bruda alipokuachia, hata hujaisikiliza?

— Nakumbuka. Nikaikausha.

— Ukaikausha wapi?

Vitalis akaitoa kaseti redioni.

— Uliianika kichanjani pamoja na kahawa! Siku nane! Unaigeuza asubuhi, unaigeuza jioni, unaiambia mama yako iache, haijafika unyevu unaotakiwa! Mimi si nilikuwepo? Kahawa mchana ilifunikwa isipasuke na jua. Kaseti ukaisahau haikufunikwa!

— Mkanda ulivutika kwa joto, alisema Praygod, akijizuia asicheke, akashindwa. Hapo ulipovutika, sauti inashuka. Kwa hiyo baba, samahani sana, miaka yote hiyo umekuwa unapiga kaseti iliyoungua.

Benchi lilicheka. Litafanyaje? Profesa alicheka mpaka kofia ikadondoka. Wapiga debe walicheka bila kujua kisa. Vitalis naye alijaribu kucheka, mdomo ukakataa. Fundi redio mzima! Mikanda iliyoungua ya watu wengine ameitambua kwa kuinusa tu, wa kwake ameulilia machozi. Alimwona dada yake kaburini, na yeye juu yake akimpigia kosa.

Aliyekuwa hacheki ni Zabron.

— Ngojeni, alisema. Kaka yangu aliposhindwa kurudi kutoka ziwani, mimi nilikuja nikakaa hapa hapa, Kamba Tatu akanipigia. Nililia mpaka nikalala. Sasa mnaniambia nilililia nini? Nilililia jua?

Praygod akakohoa.

— Basi, wazee, tusifike huko. Jumapili kutakuwa na wageni kutoka mkoani. Solo nitapiga mimi, kama ilivyo. Baba atashika ridhimu. Si vibaya, au siyo baba?

— Si vibaya, alisema Vitalis. Akaanza kulichomoa gita.

Ndipo yule mama wa kikapu aliposema. Wote walikuwa wameshamsahau.

— Samahani, mimi mpita njia, mambo ya magita siyajui. Nauliza tu. Hicho kilio, kama Mzungu hakukipiga, aliyekipiga ni nani?

— Jua, alisema Profesa upesi.

— Jua lina vidole?

Profesa akafungua mdomo. Ukabaki wazi. Kwa mara ya kwanza tangu benchi lile lichongwe, Profesa hakuwa na jibu, na watu walimtazama kwa hofu kama mtu aliyepandwa na malaria.

— Ni hitilafu ya mkanda, mama, alisema Praygod.

— Sawa mwanangu. Lakini mkanda umelia sasa hivi mezani, na huyu baba kalia kabla yake kwa gita. Mkanda umenifanya nisikilize. Huyu baba kanifanya nimkumbuke mama yangu, na nimeshamzika. Ndiyo nauliza, ni nani?

Mwalimu alikuwa mwalimu kweli, swali halikumwacha. Akanyoosha mkono.

— Baba, naomba gita.

Akalipokea, akaliweka sawa. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, mwenye macho aliona. Akapanda kule juu bila shida, akafika, akauvuta uzi, akauachia. Ukashuka kweli. Ukashuka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Akarudia. Ukashuka ukatetemeka, ila haukusimama. Akarudia mara ya tatu, jasho likamtoka puani, uzi ukapiga kelele kama paka aliyekanyagwa, na mpiga debe mmoja akaguna.

— Unauvuta kabla ya kuupiga, alisema Vitalis, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza. Sio baada. Kwanza unauvuta kimya kimya, ndipo unaupiga. Kisha unauachia kwa kidole cha pete, lakini huuachii wote. Unabakiza kidogo. Hicho kidogo ndicho unachosimamia.

— Nani kakufundisha?

— Hakuna. Nilikuwa nadhani yule Mzungu anafanya hivyo.

Akakisikia alichokisema. Wote walikisikia. Miaka miwili ya damu na sugu, akimfuata mtu ambaye hakuwahi kupita njia hiyo! Furaha ilimpanda Vitalis kutoka miguuni, akalichukua gita kutoka kwa mwalimu bila kuomba, akaongeza sauti mpaka meza ikatetemeka na skrubu zikaanza kucheza.

Akapiga. Safari hii hakumfuata mtu. Akapanda akalia kule juu, na alipofika, aliuachia uzi ushuke taratibu kuliko siku zote, ushuke kuliko hata kaseti, mpaka Zabron akashika ukingo wa benchi. Ukafika chini kabisa. Ukakaa hapo. Halafu ukasimama, ukanyooka, ukapanda ukapita pale ulipoanzia, na stendi nzima ikapiga yowe kama timu ya nyumbani imefunga dakika za mwisho. Wapiga debe walipiga mabodi ya magari. Ottilia alikuwa anapiga vigelegele na mwiko mkononi. Zabron analia, anacheka, anamwambia kila mtu:

— Si niliwaambia? Si niliwaambia?

Hakuwa amewaambia lolote, lakini nani angebishana naye?

Gari la Liparamba lilipiga honi. Mama Herieth akanyanyua kikapu, akasema asanteni kwa kahawa, akaenda zake.

Praygod alikuwa bado ameinama mbele ya Vitalis, akiangalia kile kidole cha pete juu ya uzi. Alipoinua uso, hakuwa na uso wa kamati tena.

— Baba, alisema. Jumapili mimi nashika ridhimu.

— Shika, alisema Vitalis. Na uishike vizuri, maana mimi pale katikati huwa nachelewa kurudi.