Sentensi Tano za Chausiku

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, wazazi, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: hamjambo. Na wazee wangu, shikamooni.

Mmenisifu sana asubuhi hii. Mwalimu Kristina amesema kwamba kwa miaka thelathini na mmoja hakuna aliyefundisha Kiingereza hapa Morogoro kama Fransisko Mkude. Nashukuru. Lakini siwezi kustaafu na sifa hizo peke yake, maana liko jambo ambalo sijapata kulisema mbele za watu.

Mwaka 1994, mnaukumbuka? Maduka ya mjini yalijaa bidhaa tulizozikosa miaka mingi, na bei zilikuwa zimeachiwa zijiendee. Nami nikaona hapo pana somo. Nikawafundisha kidato cha tatu maneno ya Kiingereza yanayoandamana pale kitu kinapopanda ghafla: kwamba "rise" huenda na "sharply", kwamba "increase" huitwa "dramatic", wala hatuandiki "very big" kila mahali. Kisha nikawaambia kila mmoja atunge sentensi tano.

Chausiku Yunusi, binti wa Kinole huko milimani, aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake mtaa wa Mafiga hapa mjini, aliandika sentensi ambazo kwa Kiswahili zinasema hivi: Bei ya dawa ya mama imepanda ghafla. Homa yake imepanda ghafla. Maumivu yake yameongezeka mno. Nauli ya kumleta mjini imepanda sana. Hofu yangu imeongezeka kupita kiasi.

Nilimpa kumi juu ya kumi. Nikamsimamisha, nikazisoma kwa sauti, wenzake wakapiga makofi. Yeye akabaki amesimama.

"Mwalimu," akasema, "lakini ni kweli."

"Ni kweli kabisa," nikamjibu, "hakuna hata kosa moja. Kaa chini, binti."

Akakaa.

Ndugu zangu, mtoto angesema nini zaidi ya hapo?

Wiki mbili baadaye hakuonekana darasani. Shangazi yake akaniambia ameitwa nyumbani. Jumamosi nikapanda Kinole, nikamkuta baba yake, Mzee Yunusi, amekaa barazani. Mama alikuwa amezikwa siku tatu kabla.

Nikamwamkia, nikampa pole. Akaitikia, akaniuliza, "Wewe ndiye mwalimu wa Kiingereza?"

"Ndimi, mzee."

"Chausiku alituambia umezisoma habari zetu, darasa zima likasikia. Mama yake alifurahi. Akasema, maadamu mwalimu ameshajua, atakuja." Akanisogezea kigoda. "Tulikungoja."

Hakuyasema kwa ukali. Afadhali angenitukana.

Chausiku alikuwa uani anamwogesha mdogo wake. Nikamsihi arudi, nikamwahidi kwamba mimi mwenyewe nitamsemea kwa Mkuu wa Shule.

"Huyu ana mwaka mmoja na nusu, mwalimu," akasema. "Nimwachie nani?"

Nikamwomba radhi. Nikamwambia nilitazama maneno yake, sikumtazama yeye.

"Najua, mwalimu," akajibu, akaendelea kummwagia mtoto maji.

Hakurudi shule tena, yeye aliyekuwa wa kwanza katika darasa lile. Leo analima migomba Kinole, na wadogo zake wawili walisoma kwa jasho lake. Nilimpelekea mwaliko wa sherehe hii. Hakuja, wala simlaumu.

Tangu mwaka ule kila daftari nimelisoma mara mbili, na mara ya kwanza nalisoma bila kalamu mkononi. Walimu vijana, sina hekima nyingine ya kuwaachia. Mtoto akiwaandikia kwamba mama yake anaumwa, msimpe alama kwanza. Mwulizeni mama yuko wapi, kisha mwende.

Kwa kunivumilia hadi hapa, nawashukuruni nyote.